Rafiki Aombe Nini? Cicero, Urafiki na Uadilifu

(Mhadhara wa hadhara. Umechapwa kama ulivyotolewa, isipokuwa baadhi ya masihara ya ukumbini ambayo yangepoteza ladha kwenye karatasi.)



 Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie urafiki wa kweli. Ni mada ya hatari kidogo, maana hakuna asiyejiona mtaalamu wake, hasa aliyewahi kumkopesha rafiki pesa. Basi sitawafundisha urafiki. Nitawapeleka Roma, kwenye kitabu kimoja kifupi kiitwacho Laelius, ambacho wengine hukiita De Amicitia. Kiliandikwa na Marcus Tullius Cicero mwaka 44 KK. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba Warumi walipojaribu kuufunga urafiki na uadilifu pamoja, kilichowatoa jasho ni swali la maombi: rafiki ana haki ya kuniomba nini, na nina haki ya kumnyima nini? Wengi hukisoma kitabu hiki kwa sababu ya maneno yake matamu kuhusu mapenzi ya marafiki. Mimi nakisoma kama kitabu cha mtu mwenye hofu.

Hofu hiyo mnaifahamu. Wengi wenu mliingia Roma kwa mara ya kwanza kupitia tafsiri ya Shakespeare aliyoichapisha Mwalimu Nyerere mwaka 1963, ile ya Julius Caesar. Mnamkumbuka Brutus: anampenda Caesar, na anamchoma kisu. Cicero halisi alikuwa hai siku ile ya tarehe 15 Machi 44 KK. Hakushirikishwa kwenye njama, lakini alifurahi Caesar alipokufa, wala hakuificha furaha yake. Miezi michache baadaye akaketi na kuandika kuhusu urafiki. Fikirieni mji wenyewe ulivyokuwa: nusu ya watu mashuhuri walikuwa marafiki wa maiti, nusu nyingine marafiki wa wauaji, na wengi walikuwa marafiki wa pande zote mbili na hawakujua waende kumpa nani pole.

Hoja ya kwanza: kitabu hiki ni cha siasa

Cicero mwenyewe anatuashiria tangu utangulizi. Anakumbuka ujana wake, alipopelekwa na baba yake kwa mzee Quintus Mucius Scaevola, mwanasheria, ili akae karibu naye na kusikiliza. Siku moja mazungumzo yaliangukia jambo lililokuwa midomoni mwa kila mtu. Ilikuwa mwaka 88 KK. Publius Sulpicius, mtetezi wa watu wa kawaida, alikuwa amefarakana vibaya na Quintus Pompeius, mmoja wa makonsuli wawili waliotawala mwaka ule, na kabla ya hapo wawili hao walikuwa chanda na pete. Watu walishangaa, wengine walilalamika. Hapo ndipo mzee Scaevola akasimulia aliyoyasikia kwa baba mkwe wake, Gaius Laelius, siku chache baada ya Laelius kufiwa na rafiki yake mkuu.

Huyo rafiki ni Scipio Aemilianus, jemadari aliyeiteketeza Carthage mwaka 146 KK. Alikutwa amekufa kitandani mwaka 129 KK, katikati ya ugomvi mkali wa ardhi, na mji ukajaa minong'ono kwamba ameuawa. Laelius anawaambia wakwe zake wawili, Scaevola na Fannius, kwamba haombolezi kupita kiasi, kisha anaanza kueleza urafiki ni nini.

Kwa hiyo mnaona jinsi Cicero alivyokiweka kitabu chake: ndani kabisa kuna kifo cha mwaka 129, nje yake kuna ugomvi wa mwaka 88, na nje kabisa kuna visu vya mwaka 44. Kila tabaka ni la marafiki waliogawanywa na siasa. Mtu akikusomea sehemu tamu tamu za Laelius kwenye harusi, mwulize kama anajua zilitokea wapi.

Hoja ya pili: urafiki hauzaliwi na shida

Hapa inafaa tuwaone Warumi kwa karibu, kwa sababu mawazo yao yaliota kwenye mazoea yao. Kabla ya jua kuchomoza, mtu wa hali ya chini aliamka gizani, akajifunga toga, vazi la sufu zito lisilovalika kwa urahisi, akatembea hadi nyumbani kwa mkubwa wake. Alisubiri barazani na wenzake. Mlango ulipofunguliwa aliingia kuamkia. Pembeni ya mkubwa mara nyingi alisimama mtumwa ambaye kazi yake ilikuwa kukumbuka majina, akimnong'oneza bwana wake: huyu ni fulani, baba yake alikupigia kura. Mkubwa akatabasamu na kumwita mgeni kwa jina. Watu hao wote, kwa lugha ya adabu ya Roma, waliitwa marafiki.

Seneca, mwanafalsafa aliyeishi karne moja baada ya Cicero, anasema walioanza kuwapanga marafiki kwa madaraja ni wanasiasa Gaius Gracchus na Livius Drusus: kuna waliopokelewa faraghani, waliopokelewa kwa vikundi, na waliopokelewa kwa mkumbo. Upo pia waraka wa kampeni wa mwaka 64 KK, unaohusishwa na Quintus, mdogo wake Cicero, ingawa wataalamu wengine wanatilia shaka kama ni yeye aliyeuandika. Unamshauri mgombea kwamba wakati wa uchaguzi neno rafiki linanyooshwa: kila anayekuonyesha nia njema, kila anayefika kwako mara kwa mara, mhesabu. (Naona wazee wanacheka. Sijataja mwaka mwingine wowote wa uchaguzi zaidi ya huo wa 64.)

Cicero aliufuata ushauri huo, au wa aina yake, akashinda ukonsuli. Alijua vizuri urafiki wa soko unavyofanya kazi. Ndiyo maana hoja yake ndani ya Laelius ina uzito. Anasema, kwa kinywa cha Laelius, kwamba kama urafiki ungezaliwa na upungufu, basi kadiri mtu anavyopungukiwa ndivyo angekuwa hodari zaidi wa urafiki. Mambo hayako hivyo. Anayejitegemea kwa uadilifu wake, asiyemhitaji mtu kwa lolote, ndiye huwa rafiki bora. Scipio alikuwa na haja gani na Laelius? Hakuna. Alimpenda kwa uadilifu aliouona kwake, naye Laelius vivyo hivyo. Faida zilikuja, tena nyingi, lakini zilikuja nyuma.

Sisi tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Warumi walikuwa na msemo wa kufanana nao kutoka kwa mshairi wao Ennius, na Cicero anautaja kwa heshima. Ila anaongeza kitu ambacho naona methali yetu inakiacha nje. Dhiki inampima rafiki, sawa. Neema nayo inampima. Wako wanaokukimbia ukifilisika, na wako wanaokusahau wakipandishwa cheo. Kundi hili la pili halisemwi sana, pengine kwa sababu ndilo linaloalikwa kutoa hotuba.

Jambo jingine dogo hapa. Wanafalsafa wa Kistoa walidai kwamba mwadilifu ni yule mwenye hekima kamili, mtu ambaye hajawahi kuonekana duniani. Cicero hataki. Anasema tuzungumze juu ya watu wema tunaowajua, wenye uaminifu, uthabiti na mkono wazi, wasio watumwa wa tamaa. Nampongeza kwa hilo. Kipimo kikiwa juu mno, kila mtu ana udhuru wa kukiacha.

Hoja ya tatu: mpaka wa ombi

Sasa tumefika kwenye kiini, na naomba mnivumilie nikae hapa.

Laelius anaweka sheria ya kwanza ya urafiki: tusiombe mambo ya aibu, wala tusiyafanye tukiombwa. Mfano wake unatoka mwaka 133 KK. Tiberius Gracchus, mtetezi wa watu wa kawaida, alipitisha sheria ya kuzuia matajiri kushikilia ardhi ya umma kupita kiasi cha iugera 500, yaani takriban hekta 125, na ziada igawiwe wasio na ardhi. Alipotaka kuchaguliwa tena, maseneta na wafuasi wao walimvamia kwa magongo na miguu ya viti iliyovunjwa. Mwandishi Plutarch anasema waliokufa pamoja naye walizidi 300. Maiti zilitupwa mtoni Tiber usiku.

Ukafuata msako wa marafiki. Miongoni mwao alikuwamo Gaius Blossius wa Cumae, mwanafalsafa. Alikwenda kwa Laelius, aliyekuwa akiwashauri makonsuli, kuomba msamaha. Utetezi wake ulikuwa huu tu: alimheshimu Tiberius kiasi kwamba aliona ni wajibu wake kufanya lolote alilotaka. Laelius akamuuliza: hata angekutaka uende Capitolium na mienge ya moto? Kule, mkumbuke, ndiko lilikokuwa hekalu la Jupiter, moyo wa dola. Blossius akajibu kwamba Tiberius asingetaka jambo kama hilo kamwe. Lakini kama angetaka, angetii. Laelius anawageukia wakwe zake: mnaona jinsi maneno hayo yalivyo ya kuchukiza? Kwamba ulitenda ubaya kwa ajili ya rafiki si udhuru. Kama urafiki ulizaliwa na uadilifu, ukiuacha uadilifu urafiki hauna pa kusimama.

Hoja imenyooka, na wanafunzi wa sheria wataipenda. Lakini soma kisa hicho hicho kwa Plutarch. Huko Blossius anafikishwa mbele ya makonsuli, na jibu lake lina mkia ambao Cicero hana: kama Tiberius angeamuru jambo hilo, kulitenda kungekuwa sahihi, kwa maana Tiberius asingeliamuru isipokuwa kwa manufaa ya watu. Angalieni tofauti. Blossius wa Cicero ni kipofu aliyeshikwa mkono. Blossius wa Plutarch amepima tabia ya rafiki yake na kuiamini, yaani amefanya kile kile Laelius anachosema ndicho chimbuko la urafiki.

Tena Laelius si shahidi asiye na maslahi. Plutarch huyo huyo anasimulia kwamba Laelius aliwahi kuanzisha mpango wa kurekebisha ardhi, matajiri wakampinga, akaogopa vurugu na kuuacha. Na kwa kuuacha ndipo akapewa lakabu ya Mwenye Hekima. Wenye kuandika wosia wa urafiki na uzalendo mara nyingi ndio wenye mashamba. Anaposema rafiki asifuatwe dhidi ya jamhuri, ni haki kumuuliza: jamhuri ya nani?

Hata hivyo sikubali tuitupe sheria yake. Nadhani watu huisoma nusu. Wanakaza macho kwa anayeombwa, kama atakubali au atakataa, nao wanasahau kwamba sehemu ya kwanza inamhusu anayeomba. Ukimwomba karani rafiki yako ahamishe jalada, umekwisha kuuvunja urafiki kabla hajafungua mdomo. Akikubali ameharibika, akikataa ataitwa mwenye maringo. Wewe ndiye uliyemweka hapo. Naona hii ndiyo sehemu ya Laelius iliyo hai zaidi leo, na ndiyo isiyonukuliwa.

Hoja ya nne: Matius anajibu

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo kama tusingekuwa na barua moja ya ajabu, iliyoandikwa mwaka ule ule Cicero alipokuwa akiandika Laelius.

Gaius Matius alikuwa rafiki wa Caesar na pia rafiki wa Cicero. Baada ya mauaji alionekana akiomboleza waziwazi, na alisaidia kusimamia michezo ambayo kijana Octavian aliifanya kwa heshima ya marehemu. Maneno yakaanza: huyu anamtanguliza rafiki mbele ya nchi. Mengine yalisemekana yametoka kwa Cicero. Cicero akamwandikia barua ya upole, ya kisheria, akisema kwamba ikiwa Caesar alikuwa mfalme, kama yeye Cicero anavyoona, basi wajibu wa Matius unaweza kujadiliwa kwa pande mbili.

Matius hakujibu kisheria. Alisema kwamba katika vita ya wenyewe kwa wenyewe hakumfuata Caesar. Alimfuata rafiki, na sababu ya vita yenyewe hakuipenda. Hakupata cheo wala fedha. Sheria ya Caesar ilimpunguzia hata mali aliyokuwa nayo. Alihangaika walioshindwa wasamehewe kana kwamba anajihangaikia mwenyewe. Basi atawezaje kutochukizwa na kifo cha mtu aliyewapa msamaha huo, hali wauaji ni wale wale waliomsababishia chuki? Hata watumwa, anasema, wamekuwa siku zote huru kuogopa, kufurahi na kuhuzunika kwa hiari yao, na sasa wanaojiita waleta uhuru wanataka kumnyang'anya hata hilo. Na kuhusu lawama kwamba alikwenda kumwamkia konsuli Antony, anajibu kuwa ndiyo, alikwenda kwa heshima ya cheo. Ila hao wanaomwona hana uzalendo utawakuta huko kila siku, wamejaa, wakiomba kitu au wakichukua kitu.

Hilo la mwisho linanifurahisha kila nikilisoma. Matius anapimwa kwa sheria ya Laelius na anafaulu vizuri kuliko wanaomshitaki, kwa kuwa hakuomba. Alimpa Caesar urafiki bila kumwomba malipo, na alichokitaka kwake kilikuwa huruma kwa wengine. Cicero alikuwa sahihi juu ya kanuni, lakini aliishika vibaya mbele ya mtu aliyeitimiza. Kumlilia rafiki si kumsaidia kuchoma Capitolium.

Yupo wa tatu wa kuwekwa karibu nao: Titus Pomponius Atticus, ambaye kitabu hiki kimetolewa kwake, na ambaye barua alizoandikiwa na Cicero zimetufikia katika vitabu 16. Cornelius Nepos, aliyemfahamu na kuandika maisha yake, anasema matajiri fulani walitaka kuwachangia wauaji wa Caesar, wakamwomba Atticus aongoze. Alikataa: Brutus akitaka kuitumia mali yangu kama rafiki, aitumie mpaka iishe, kikundi siingii. Mpango ukafa. Brutus alipolazimika kuondoka Italia, amekwisha kushindwa, Atticus akampelekea sestersi 100,000 zawadi, na baadaye akaagiza apewe 300,000 nyingine huko Epirus. Askari wa kikosi zama hizo alilipwa takriban 900 kwa mwaka. Kisha Antony alipotangazwa adui na marafiki zake wakamkimbia, Atticus yule yule alimsimamia Fulvia, mke wa Antony, mahakamani, akamdhamini, akamkopesha bila riba.

Tumwite nani mtu huyu? Msomaji mmoja atasema mwungwana, mwingine atasema mjanja anayeweka akiba kila benki. Na ni kweli hesabu ilimlipa: Antony alipopata nguvu alimwacha hai, wakati Cicero aliuawa kwa amri yake tarehe 7 Desemba 43 KK, kichwa na mikono vikatundikwa kwenye jukwaa la wasemaji. Lakini Nepos anasisitiza kwamba Atticus alitoa pale ambapo hakuna aliyetarajia kulipwa. Mimi bado nayumba juu yake, na sioni haya kuwaambia hivyo.

Hoja ya tano: kuambiana kweli

Hii nitaipitia haraka, kwa kuwa saa ya ukutani inaniangalia, naye Mwenyekiti ananiangalia. Laelius anamtaja mhusika mmoja katika tamthiliya ya Terence, yule mtunzi ambaye mapokeo yanasema alizaliwa Carthage na kuletwa Roma mtumwa, kisha akawa mwandani wa Scipio na Laelius. Mhusika huyo anaona kwamba ukiitikia kila kitu utapata marafiki, na ukisema kweli utapata chuki. Laelius anakiri ni kweli kwa kiasi fulani, kisha anageuza: rafiki unayemwitikia mpaka atumbukie shimoni umemdhuru zaidi. Kweli isemwe, bila ukali wa matusi. Na anayeambiwa aipokee bila kisasi. Anaongeza kwamba haya hayaji siku moja. Warumi walisema marafiki wanapaswa kwanza kula chumvi pamoja, modius nyingi, na modius moja ilichukua karibu lita 9. Akina mama mlioko hapa mnajua lita 9 za chumvi humalizika baada ya muda gani.

Katika kitabu kizima, nilisahau kusema, hakuna mwanamke anayesema neno. Nepos, kwa upande wake, anatuonyesha Fulvia anayesimamiwa akiwa hana mtu. Mwenye kutafiti urafiki wa Kirumi asiishie kwa wanafalsafa.

Mhadhara ujao, Mwenyekiti akiniruhusu, nitaukabidhi kwa Seneca. Yeye alimwandikia Lucilius kwamba rafiki apimwe kwa muda mrefu kabla ya kukubaliwa, na akishakubaliwa aaminiwe kama nafsi yako. Ni ushauri mzuri kutoka kwa mtu ambaye aliyekuwa akimwomba mambo ni Nero, mwanafunzi wake wa zamani, na ambaye mwaka 65 BK alipelekewa amri ya kujiua. Je, sheria ya Laelius inafanya kazi pale anayeomba ni mwenye jeshi? Huko ndiko tutakakoanzia.

Kabla ya siku hiyo nina kazi kwa wanafunzi. Barua ya Matius ni fupi, na sura ya Blossius ndani ya Laelius haizidi kurasa mbili. Zisomeni, kisha mgawane pande: wengine wamtetee Cicero, wengine Matius, na mmoja ajitolee kumsemea Atticus, ingawa namwonea huruma. Blossius niachieni mimi. Naona tangu mwaka 133 hajapata wakili. Mwenyekiti, kipaza sauti chako hiki hapa. Naona mikono imeanza kuinuka.